Jinsi ya kuchapa picha ya dijitali kwa ukubwa wa bango ikatoka safi

Barabara za Nasser na Nkrumah pale Kampala zimejaa mashine zinazoweza kukutolea bango la picha huku unasubiri. Mashine si tatizo. Tatizo ni faili linaloletwa: picha iliyopita WhatsApp mara tatu, uso uliokatwa kutoka picha ya kundi, au picha nzuri kabisa ambayo hakuna aliyeijaribu kwenye karatasi kabla ya kulipia bango zima. Fundi ataichapa hivyo hivyo, maana ndiyo kazi uliyompa, na lawama zitakuja baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka picha ya ukutani: ya harusi, ya mahafali, ya mzee aliyetangulia mbele ya haki, au ya korongo-nyangumi, yule ndege wa kijivu, aliyempiga picha mwenyewe kule kinamasi cha Mabamba. Mabango ya kampeni na ya mikutano ya hadhara yana kanuni zake, nitayagusa kwa kupita tu.

Hatua ya 1: Jua itatazamwa kutoka wapi

Watu huanza kwa kuuliza, "Picha yangu inatosha A1?" (saizi ya karatasi, vipimo viko Hatua ya 2). Swali la kwanza liwe: mtu atasimama wapi akiitazama? Jicho zima lenye afya hushindwa kutenganisha nukta mbili zikishakuwa ndogo kuliko kiwango fulani, na kiwango hicho hutegemea umbali. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 8,700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, utapata idadi ya pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha ya dijitali) kwa kila inchi ambayo ukiipita jicho halioni faida tena. Mtu aliyeshika picha mkononi, sentimita 30 hivi, anahitaji pikseli 290. Ndiyo maana kila mahali unasikia "300". Lakini akisimama mita moja zinamtosha 87, na akikaa kwenye kiti upande wa pili wa sebule, mita mbili, ni 44 tu.

Usiichukue hesabu hii kama ruhusa ya kulegea. Wageni hawakai kwenye viti vyao. Picha ikiwa nzuri watainuka, wataisogelea na kumtafuta shangazi yao kwenye mstari wa nyuma. Kwa hiyo mimi hupima hivi: picha ya sebuleni au ofisini, 150 kwa inchi ni kiwango cha kuridhika nacho, 100 inakubalika kama picha haina sura ndogo ndogo nyingi, chini ya 70 punguza ukubwa wa karatasi badala ya kubishana na hesabu. Picha ya kundi la watu 40 iliyopigwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, yenye kanzu na magauni ya gomesi safu tatu, inataka 200, kwa sababu kila mtu atakuja kujitafuta.

Hatua ya 2: Hesabu pikseli ulizo nazo

Fungua maelezo ya picha kwenye simu au kompyuta, usome namba mbili, kwa mfano 4000 × 3000. Chukua upande mrefu, zidisha kwa 2.54, kisha gawanya kwa urefu wa karatasi kwa sentimita. Karatasi zenyewe ni hizi: A3 ni sentimita 29.7 × 42, A2 ni 42 × 59.4, A1 ni 59.4 × 84.1, na A0 ni 84.1 × 118.9.

Simu nyingi hutoa picha ya pikseli milioni 12, yaani hiyo 4000 × 3000. Kwenye A2 inakupa 171 kwa inchi, kwenye A1 inakupa kama 120, kwenye A0 inakupa 85. Kamera ya pikseli milioni 24, yenye 6000 × 4000, ikishakatwa ilingane na A1 inatoa 171. Kwa lugha nyingine, simu ya kawaida inafika A2 bila wasiwasi na A1 kwa uangalifu. Tangazo la simu lililoandikwa "milioni 108" lisikubabaishe. Simu hizo kwa kawaida huunganisha pikseli jirani na kukupa picha ya milioni 12, hadi wewe mwenyewe uchague hali ya ukubwa kamili, tena mchana kweupe.

Halafu kuna WhatsApp. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa mpaka upande mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi. Kwenye A1 hizo ni 48 kwa inchi. Kwenye A3, 97. Hakuna fundi wa Nasser Road, hata awe bingwa namna gani, atakayekurudishia kilichotupwa pale. Mtafute aliyepiga picha, mwombe faili la asili, na mwambie alitume kama dokumenti, si kama picha. Likitumwa kama dokumenti halipunguzwi. Au aliweke kwenye Google Drive akupe kiungo. Picha zilizopakuliwa kutoka Facebook zina ugonjwa huo huo.

Namba zikikubali, bado hujamaliza. Pikseli nyingi za picha iliyotikisika ni ukungu mkubwa tu. Ikuze picha kwenye skrini ya kompyuta hadi asilimia 100 utazame macho ya mtu. Kope zikionekana moja moja, umebarikiwa. Zikiwa zimeyeyuka, shuka saizi moja ya karatasi. Tazama pia mpaka wa nywele na mandhari: ile hali ya simu inayofifisha nyuma ya mtu mara nyingi hukata nywele na vilemba vibaya, na kosa ambalo hulioni kwenye kioo cha simu linakuwa na upana wa kidole kwenye A1. Na kama mpigaji alitumia zumu ya kidijitali mara mbili, alibaki na robo ya pikseli zake, hata kama namba za faili zinasema vingine.

Picha za zamani za karatasi

Nyumba nyingi zina picha moja tu ya babu, ya inchi 4 kwa 6, au ya pasipoti iliyobanduliwa kwenye kitambulisho. Usiipige kwa simu juu ya meza. Taa itang'aa juu yake na kingo zitapinda. Inakili kwa skana. Picha ya inchi 4 × 6 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, utapata 2400 × 3600, zinazotosha A2 vizuri. Ya pasipoti, milimita 35 × 45, iskaniwe kwa 1200, utapata kama 1650 × 2120. Kwenye A2 hiyo inatoa takriban 90 hadi 100 kwa inchi: italainika, lakini mtu atatambulika. Futa kioo cha skana kwanza kwa kitambaa kikavu. Vumbi ambalo ni nukta kwenye pasipoti litakuwa chunjua shavuni mwa mzee.

Hatua ya 3: Kata picha mwenyewe

Picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3, ya kamera 3 kwa 2, na karatasi za A ni kama 1.41 kwa 1. Hazilingani. Kitu kitakatwa, asilimia 6 hivi ya upande mmoja, na ni heri ukikate wewe kuliko kumwachia mtu mwenye foleni ya wateja kumi. Kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, au Snapseed kwenye simu, weka uwiano wa karatasi kisha usogeze fremu mpaka ikae unavyotaka. Vichwa na miguu viache mbali na ukingo, kwa sababu fremu ya mbao itafunika kama nusu sentimita kila upande. Ukichapa kwenye kanvasi, yaani kitambaa kinene, itakayokunjwa juu ya mbao, ongeza sentimita 4 au 5 za mandhari kila upande. Zisipokuwepo, sikio la mtu litaishia ubavuni mwa fremu.

Kwenye maduka mengi picha hufunguliwa ndani ya CorelDRAW au Illustrator na kuvutwa hadi ijaze karatasi. Ikivutwa bila kushika uwiano, bwana harusi anatoka mnene kuliko alivyo. Ukileta faili lililokwisha kukatwa kwa uwiano sahihi, kishawishi hicho kinaondoka.

Hatua ya 4: Mwangaza, hasa wa ngozi nyeusi

Hapa ndipo picha za watu wetu huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Skrini inatoa mwanga. Karatasi inarudisha tu mwanga wa chumba. Picha iliyopendeza kwenye simu yenye mwangaza wa juu kabisa itatoka kwenye karatasi ikiwa imeingia giza, na giza hilo huzamisha kwanza sehemu ambazo tayari zilikuwa nyeusi: shavu lililo upande wa kivuli, nywele, koti la suti. Uso wenye rangi tano sita za kahawia unabaki na mbili. Basi kabla hujagusa chochote, shusha mwangaza wa skrini hadi nusu. Weka karatasi nyeupe tupu kando ya skrini, mchana, karibu na dirisha. Weupe wa skrini ukilingana na weupe wa karatasi, sasa unaona kinachokaribia kuchapwa.

Kisha inua vivuli. Kwenye GIMP, ndani ya menyu ya rangi, kuna chombo chenye mstari wa mshazari unaoupinda kwa kipanya: shika sehemu ya chini ya mstari uipandishe kidogo, mpaka uone umbo la shavu lenye kivuli na mikunjo ya koti. Snapseed ina kitelezi cha vivuli kinachofanya kazi hiyo hiyo. Usipandishe picha nzima, maana kanzu nyeupe itaungua, na nyeupe iliyoungua haina wino wowote: utaona karatasi tupu yenye umbo la kanzu. Ukiona mikunjo ya kanzu na mikunjo ya koti jeusi kwa pamoja, acha hapo hapo.

Na tafadhali, vichujio vya kung'arisha ngozi viache. Kwenye simu vinaonekana kama mapambo. Kwenye bango la mita moja bibi harusi anakuwa mtu mwingine.

Rangi: acha faili kwenye sRGB, mfumo wa rangi ambao simu na kamera hutumia kwa kawaida. Usijibadilishie kuwa CMYK, mfumo wa rangi za wino, kwa sababu rafiki alisema wachapaji wanaitaka. Mashine za rangi za picha hugeuza zenyewe, na ugeuzaji wa kubahatisha unaua buluu na kijani. Duka likikupa profaili (faili la maelezo ya rangi) ya mashine na karatasi yake, hapo ni sawa. Ofseti ni jambo jingine, lakini ofseti ni mashine ya mamia na maelfu ya nakala, si ya picha moja ya ukutani.

Hatua ya 5: Kukuza na kunoa

Programu ikiongeza pikseli haiongezi habari. Inazuia tu zile ngazi-ngazi zisionekane kwenye mistari. Inatosha kuikuza picha mpaka ifike 150 kwa ukubwa wa mwisho, basi. Programu za akili bandia zinafanya zaidi: zinabuni kope, meno na nyuzi za nywele ambazo kamera haikuziona. Kwa korongo-nyangumi sioni ubaya mkubwa. Kwa picha ya marehemu, kuwa mwangalifu sana. Meno yakibadilika kidogo na jicho likikaa vingine, mjane atakuwa wa kwanza kusema huyu siye.

Kunoa kingo, yaani kuipa picha ukali zaidi, hufanywa mwisho, picha ikiwa imeshafika ukubwa wake. Karatasi hunywa wino na kulainisha, kwa hiyo kwenye skrini picha ionekane imezidi ukali kidogo tu. Ngozi isinolewe; macho, nguo na manyoya ndiyo yanayohitaji.

Hifadhi kama TIFF, au JPEG kwa ubora wa juu kabisa. Usifungue na kuhifadhi JPEG tena na tena, kila mara inapoteza kitu. Faili la asili lisiguswe kamwe. Fanyia kazi nakala.

Hatua ya 6: Dukani

Beba faili kwenye flashi yenye faili hilo peke yake. Kompyuta za maduka hupokea flashi za mji mzima na virusi vyake vyote. Ukirudi nyumbani ikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote.

Sasa chagua unachochapia. Fleksi, ile turubai ya plastiki ya mabango ya barabarani, ni rahisi na hustahimili mvua, ila ina mikwaruzo ya nyuzi na uso ukitazamwa kwa karibu hukosa ulaini. Kwa picha ya sebuleni siipendekezi hata ikiwa bei yake inavutia. Stika ya vinili iliyobandikwa kwenye ubao mgumu ni nzuri zaidi na haiogopi unyevu. Karatasi ya picha, gramu 200 na kuendelea, kwenye printa pana ya wino, ndiyo inayotoa ngozi nzuri kuliko zote, lakini inataka fremu na kioo. Kanvasi huficha upungufu wa pikseli kwa sababu ya ufumaji wake. Picha ya zamani iliyoskaniwa inakaa vizuri juu yake.

Duka lenye mashine ya fleksi si lazima liwe na karatasi ya picha ya upana wa A1. Uliza kwanza, na uombe uone kazi waliyoifanya kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukiwa Arua, Kasese au Busia na ukakuta fleksi tu, ni heri utume faili Kampala na upokee mzigo kwa basi. Na kama kazi haina haraka, zikwepe wiki za kampeni na za mahafali ya Makerere. Hapo mashine hukimbizwa.

Jambo la kukimbizwa ni la kweli kabisa: mashine zina hali ya haraka na hali ya ubora. Hali ya haraka hupitisha kichwa cha wino mara chache na kuacha mistari ya mlalo, hasa kwenye anga na kwenye ngozi. Mwambie fundi kwa heshima, "Kaka, hii nataka hali ya ubora, nitasubiri." Muombe pia achape kwanza ukurasa wa kupima matundu ya wino. Tundu moja lililoziba ni mstari mmoja mweupe kutoka kona hadi kona. Akikutajia 1440, hiyo ni idadi ya vitone vya wino vya mashine, haina uhusiano na pikseli za picha yako, usimbishie, endelea.

Kisha lipia kipande cha jaribio. Ukifuata hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Kata kutoka kwenye faili lako, kwa ukubwa ule ule wa mwisho, eneo la A4 lenye uso, kitu cheupe na kitu cheusi. A4 ni sehemu ya nane tu ya A1, na gharama yake ni ndogo. Ichapwe kwenye mashine ile ile na karatasi ile ile, maana jaribio kwenye printa nyingine halikuambii kitu. Itoe nje, uitazame kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani. Ibandike ukutani usimame mita moja na nusu. Uso una giza? Inua vivuli tena. Kitu cha kijivu kimegeuka kijani au waridi? Mwonyeshe fundi, anaweza kusawazisha rangi. Manyoya ya korongo-nyangumi, kwa kuwa ni ya kijivu, hufichua kasoro hii kuliko kitu kingine chochote.

Umeme ukikatika katikati ya uchapaji, usikubali bango "liendelezwe" pale lilipoishia. Mshono utaonekana. Uliza mapema kama duka lina jenereta au betri ya kuhimili, na mkubaliane nani anabeba hasara. Bei yenyewe mara nyingi huhesabiwa kwa mita ya mraba. Hakikisha umeambiwa ya jumla, pamoja na laminesheni (utando wa plastiki wa kuifunika picha), ubao na kukata.

Hatua ya 7: Kukausha, kusafirisha, kutundika

Wino wa kiyeyusho unaotumika sana kwa mabango na stika unahitaji kama saa 24 kabla ya laminesheni, ili mvuke wake utoke. Wakikufunika papo hapo, baada ya muda mapovu yanaweza kujitokeza. Laminesheni isiyong'aa ndiyo chaguo langu kwa chumba chenye dirisha linaloikabili picha. Inayong'aa huongeza weusi na rangi lakini utajiona mwenyewe badala ya mzee.

Kwa safari, omba dukani bomba la karatasi ngumu linalobaki ndani ya roli za fleksi. Mara nyingi hutupwa. Zungushia picha nje ya bomba, usiisokomeze ndani, weka karatasi laini juu yake, kisha funga kwa nailoni. Fremu yenye kioo haipandi boda, hata mwenye boda akikuapia.

Chini ya kioo, picha isigusane na kioo chenyewe. Entebbe, Jinja na kote kando ya ziwa hewa ina unyevu, na karatasi ya picha ikigandana na kioo haibanduki bila kuchanika. Mtengeneza fremu aweke ukingo wa kadibodi nene kati yao. Nyuma ya fremu, pembe mbili za chini, gundisha vipande vidogo vya mpira ili hewa ipite ukutani; ukuta wenye unyevu huleta ukungu, na mbao iliyolala juu yake huwaita mchwa. Usitundike mahali jua la asubuhi au la alasiri linapopiga moja kwa moja. Katika jua la ikweta wino wa kawaida hupauka haraka, na rangi ya waridi au ya manjano ikitangulia kupotea, ngozi za watu wote hubadilika.

Faili la mwisho, lile lililotoka vizuri, lihifadhi mahali pawili, na ndani ya jina lake uandike ukubwa, aina ya karatasi na duka. Ndugu wakishaiona picha, wawili au watatu watataka nakala, na fundi atakuuliza ilichapwaje ile ya kwanza.